Hadithi ya msanii anayetesa watu kwa ajili ya kazi yake
Mkuu, umeuliza kama ipo hadithi ya kutisha isiyo na majini, ambayo mtesaji ni msanii mwenyewe. Tafuta "Jigokuhen" (kwa Kiingereza "Hell Screen") ya Mjapani Akutagawa Ryūnosuke, ya mwaka 1918. (Kama hutaki kujua mwisho, ishia hapa.)

Mchoraji Yoshihide anaagizwa na mtawala achore jehanamu, lakini hawezi kuchora asichokiona. Basi anamfunga mwanafunzi wake minyororo ili atazame mwili unavyojikunja. Mwingine anamwachia bundi amparure. Mwishowe anaomba lichomwe gari la kukokotwa na ng'ombe, na mwanamke akiwa ndani. Mtawala anakubali. Mwanamke anayewekwa humo ni binti pekee wa Yoshihide.

Kilichoninyima usingizi si moto, ni uso wa baba. Kwanza anataka kulikimbilia gari, kisha anasimama, na uchungu wote unageuka furaha. Aliyeruka motoni kumfuata binti ni tumbili aliyemzoea tu! Na msimulizi ni mtumishi wa mtawala, kila mara anamtetea bwana wake, kwa hiyo usimwamini. Picha inakamilika, Yoshihide anajinyonga. Mimi hadi leo namchukia mtawala kuliko mchoraji.