Re: Chakula kikipungua, mbona wanyama hawapungui papo hapo?
Kinachotangulia kuporomoka ni uzazi. Mnyama mzima huishi kwa mafuta ya mwilini, lakini majike hawashiki mimba na watoto hukosa maziwa. Vifo vya wakubwa huja baadaye. Ndiyo maana kundi linaweza kuzidi uwezo wa malisho huku kwa macho likionekana zima kabisa.

Tazama kisiwa cha St. Matthew, Alaska. Mwaka 1944 walipelekwa kulungu wa Aktiki (reindeer) 29. Kufikia 1963 walikuwa kama 6,000, wakitafuna likeni, uoto mfupi unaotambaa juu ya mawe na ardhi, ambao huota polepole mno. Majira ya baridi kali yaliyofuata yakawaua karibu wote. Mwaka 1966 walihesabiwa 42. Na kumbuka, hapakuwa na mbwa mwitu wa kuwapunguza mapema.