Maswali ya Wasomaji: Nimeandikiwa kwamba ni mkali

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni Mtanzania, muuguzi msimamizi wa zamu ya usiku katika hospitali moja ya Columbus, Ohio. Wakati wa makabidhiano nilimwambia muuguzi aliye chini yangu, mbele ya wenzake, kwamba dawa ya mgonjwa haijasainiwa. Tathmini yangu ya mwaka ikaja na maneno “apunguze ukali”. Msimamizi wa mchana, mwanamume Mzungu, hufoka kwa jambo hilohilo na husifiwa kuwa ana msimamo. Nikilalamika, niseme nimeonewa kwa uanamke wangu au kwa weusi wangu?
Msomaji, Columbus

JIBU: Dada yetu, usikubali kuchagua, kwa maana uchaguzi huo umewahi kuwaponza wanawake weusi mahakamani. Mwaka 1976, mahakama ya shirikisho huko Missouri iliamua kesi ya wanawake watano weusi dhidi ya General Motors. Kampuni hiyo haikuwaajiri wanawake weusi kabla ya 1964, na wafanyakazi walipopunguzwa kwa kanuni ya aliyeingia mwisho kutoka kwanza, wanawake weusi wote walioajiriwa baada ya 1970 walipoteza kazi. Jaji alisema hapakuwa na ubaguzi wa kijinsia, kwa kuwa wanawake waliajiriwa tangu zamani, ingawa hao walikuwa Wazungu. Kuhusu rangi, akawashauri wajiunge na kesi nyingine iliyokwishafunguliwa. Kuunganisha madai mawili alikataa. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliitumia hukumu hiyo kuonyesha jinsi sheria ilivyoshindwa kumwona mtu anayeonewa kwa mambo mawili kwa pamoja, na tayari mwaka 1980 mahakama ya rufani, katika kesi iliyotoka Texas, ilikuwa imekubali kwamba madai hayo yanaweza kwenda pamoja.

Kuhusu ukali, utafiti una jambo la kushangaza. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012, Robert Livingston, Ashleigh Rosette na mwenzao waliwaonyesha watu viongozi wa kubuni wanaomkemea mfanyakazi. Mwanamke Mzungu na mwanamume mweusi walishushwa hadhi kwa ukali huo; mwanamke mweusi hakushushwa. Hata hivyo, katika utafiti mwingine wa mwaka huohuo, kampuni iliposhindwa, kiongozi mwanamke mweusi ndiye aliyehukumiwa vibaya kuliko wote. Majaribio si wodi, nawe umeandikiwa ulichoandikiwa, lakini kwa maoni yangu hatari yako kubwa iko katika siku utakapokosea.

Kwa hiyo omba kwa maandishi utajiwe tukio, tarehe na madhara yaliyotokea, pamoja na kigezo alichopimiwa msimamizi wa mchana. Hifadhi nakala, na karatasi ya dawa itajwe bila kufichua jina la mgonjwa. Ikiwa tathmini imekukosesha nyongeza ya mshahara au cheo, liandike hilo waziwazi, kwa kuwa lina uzito kuliko maneno yaliyokuumiza. Unapojaza malalamiko kwenye Tume ya Fursa Sawa za Ajira (EEOC), chombo cha serikali ya Marekani kinachoshughulikia ubaguzi kazini, weka alama kwenye rangi na jinsia pia, na kwenye asili ya kitaifa iwapo lafudhi yako nayo imesemwa. Muda ni siku 180, unaofika 300 pale ambapo jimbo lina chombo chake cha kushughulikia ubaguzi, kama ilivyo Ohio, na kusubiri majibu ya ofisi ya rasilimali watu hakusimamishi hesabu hiyo.