Vihisi vya unyevu katika nyumba ya mawe Lamu: viwekwe wapi?

SWALI: Assalaam alaikum. Tunatunza nyumba ya kale ya mawe mtaa wa Mkomani, Lamu, na wageni huja kutazama. Tuna kiti cha enzi, mapambo ya fedha, vyombo vya shaba na miswada ya khati za Kiarabu. Fundi ataka kutuwekea vihisi sita vya unyevu visivyo na nyaya, kimoja kila ukuta wa chumba, pamoja na viyoyozi. Mawimbi yatapenya kuta hizi? Na unyevu uwe kiasi gani?

JIBU: Waalaikum salaam ndugu yangu. Vihisi chukueni. Viyoyozi viahirisheni mpaka vihisi vipime kaskazi moja na kusi moja nzima.

Nieleze kwa nini. Hewa ya nyuzijoto 30 yenye unyevu wa asilimia 70, ambayo kwenu ni ya kawaida, huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzijoto 24 au chini yake. Kiyoyozi hukausha hewa kinapofanya kazi, lakini nyumba za Lamu zimejengwa zipumue. Mkishapoza chumba hadi 22, kisha umeme ukatike au mlango uachwe wazi, hewa ya nje itaingia na kuacha maji juu ya vitu vilivyopoa. Kwa karatasi na wino wa kale hilo ni balaa.

Sasa mahali pa kuviweka. Kihisi cha katikati ya ukuta kitawapa habari za chumba, nanyi mnataka habari za vitu. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya unyevu kutoka chini, kwa hiyo nyuma ya sanduku lililoegemezwa ukutani hali yaweza kuwa mbaya huku katikati ya chumba ni shwari. Kimoja kiwe hapo. Kingine kikae ndani ya kabati la miswada, kingine kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani), kingine karibu na kiti, kingine juu chini ya boriti. Cha sita kiwe nje kivulini. Bila hicho cha nje hamtajua kama chumba kinawasaidia au kinawaumiza.

Mawimbi yatapita, mkichagua vizuri. Vifaa vya Wi-Fi vya GHz 2.4 huchoka haraka kwenye ukuta mnene wenye maji. Vya MHz 868 hupenya zaidi. Kipokezi kiwekeni ghorofani, mahali panapotazama kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kwani vyumba vingi vina mlango wa upande huo. Msifungie kihisi kwenye kabati la chuma. Kipimo kila baada ya dakika 15 chatosha, na betri zitadumu. Ulizieni vihisi vyenye kumbukumbu yake, ili mtandao ukipotea vipimo visipotee.

Kuhusu kiwango, vitabu vingi vya Ulaya hutaja asilimia 50. Msikimbilie hapo. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, yaani baragumu la watawala, iliyomo Makumbusho ya Lamu, imeishi karne nyingi katika hewa hii ya bahari. Pembe na mbao zilizozoea unyevu hupasuka zikikaushwa ghafla, na mimi huogopa zaidi mpando na mshuko wa haraka kuliko namba yenyewe. Mpaka wa juu ni wa ukungu: ikizidi asilimia 65 hadi 70 kwa muda mrefu, na hewa haitembei, utaota. Fungueni madirisha hewa ya nje ikiwa kavu zaidi. Fedha na shaba ni habari nyingine, kwani chumvi ya bahari huzila. Zipeni kabati dogo linalofunga barabara, lenye silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu.

Kabla ya kuviamini vihisi, vijaribuni. Chukueni chumvi ya mezani, itieni maji kidogo kidogo mpaka iwe kama mchanga wa pwani uliolowa, isiyeyuke yote. Iwekeni katika chupa ya kioo yenye mfuniko pamoja na kihisi, visigusane, mahali pasipopigwa na jua. Baada ya siku moja kihisi kisome karibu asilimia 75. Kikisoma 80, andikeni kwamba kinazidisha tano. Rudieni kila mwaka, maana hewa ya bahari huviharibu taratibu.

Tahadhari ya simu isilie kwa saa moja ya unyevu mwingi. Ilie unyevu ukikaa juu ya 75 kutwa nzima. Na iende kwa yule mwenye ufunguo anayelala karibu.