Kwa walezi wapya wa kambi za watoto wa Kipalestina: msimfiche mtoto nyuma ya maonyesho

Kila Juni, shule za Ukingo wa Magharibi zikifungwa, hufika walezi wapya wa kujitolea, na kila Juni makosa ni yaleyale. Nyuzi zimekatwa urefu wa mita nzima. Watoto wamepangwa mstari juani saa sita mchana. Mtoto wa miaka saba anaulizwa baba yake yuko wapi. Tunawapenda, ndugu zetu, na ndiyo maana tunasema kwa ukali kidogo: kambi ni siku 10 tu, na siku iliyopotea kwa kosa linalojulikana mtoto harudishiwi.

Tunapotaja hesabu hapa, tunazungumzia kambi ya kawaida: watoto 60 wa miaka 6 hadi 12, walezi 8, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, Jumapili hadi Alhamisi kwa wiki mbili. Upande wa Bethlehemu, penye familia nyingi za Kikristo, Jumapili hubadilishwa na Jumamosi. Kabla ya kupanga tarehe itazameni Iddi ya kuchinja, kwani kila mwaka husogea nyuma siku kama 11. Mwaka 2024 ilikuwa katikati ya Juni, 2025 ikawa tarehe 6.

1. Jueni mnasema nini mnaposema "kambi". Kwa Kiarabu ni mukhayyam, na kama ilivyo kwa Kiswahili, neno hilohilo hubeba kambi ya watoto na kambi ya wakimbizi. Mtoto wa Dheisheh, kambi ya wakimbizi iliyo Bethlehemu, anaishi katika mukhayyam tangu azaliwe, na babu yake vilevile, maana Dheisheh ilianzishwa mwaka 1949. Kwa hiyo semeni jina zima, mukhayyam sayfi, kambi ya majira ya joto. Na ukimuuliza mtoto anatoka wapi akakutajia Zakariyya, kijiji ambacho hajawahi kukiona, usimsahihishe kwamba "wewe ni wa Dheisheh". Wakazi wa kwanza wa Dheisheh walitoka katika vijiji zaidi ya 45 vya magharibi mwa Yerusalemu na Hebron, wakatolewa huko kuanzia mwaka 1948, na mtoto amekupa jibu lililo sahihi nyumbani kwao. Baba haulizwi kabisa. Huenda yuko gerezani, huenda amekufa. Mtoto akitaka kusema, atasema mwenyewe wakati mikono yake ina kazi.

Watawaita ammo na khalto, kama watu wa pwani wanavyosema ami na halati. Itikeni.

2. Maji kwanza, michezo baadaye. Wakati wa joto maji ya bomba huja kwa zamu, na nyumba huishi kwa matangi meusi yaliyo juu ya paa. Mchezo wa kurushiana maji unaowafurahisha watoto kwa nusu saa unaweza kumaliza tangi la jengo zima na kuacha majirani bila maji ya kupikia hadi zamu ijayo. Muulizeni mwenye jengo. Maji ya kunywa hesabuni lita 1 kwa kila mtoto kwa siku, yaani madumu matatu ya lita 20, na yawekwe kivulini tangu asubuhi.

Chakula cha saa nne ni mkate, mafuta ya zeituni na zaatari, mchanganyiko wa majani makavu ya kunukia. Kwa watoto 60 mtahitaji mikate 30 ya taboon (mikate bapa ya tanuri) inayokatwa nusu, zaatari gramu 600 na mafuta yasiyozidi lita 1. Ndani ya zaatari mna ufuta, kwa hiyo fomu ya mzazi iulize ufuta kwa jina. Swali la "ana mzio wowote?" halitoshi: mzazi huwazia dawa, huandika hapana, na mtoto anavimba midomo mbele yenu.

3. Tarizi. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili anafika na neno tayari mkononi, kwa sababu tatreez ndiyo kutarizi kwetu. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza utarizi wa Kipalestina katika orodha ya urithi wa binadamu, lakini mtoto hashiki orodha, anashika sindano, na makosa yote yanaanzia hapo.

Miaka 6 na 7 wapewe kiunzi cha plastiki chenye matundu 7 kwa inchi, uzi wa sufu na sindano butu kubwa. Miaka 8 na 9 wapewe kitambaa cha Aida, kilichofumwa kwa matundu ya kushonea misalaba, cha matundu 11 kwa inchi (jina tu linafanana na kambi ya wakimbizi ya Aida), nyuzi tatu na sindano namba 22. Miaka 10 na kuendelea wanaweza Aida ya matundu 14, nyuzi mbili, sindano namba 24. Uzi wa dukani huja na nyuzi sita zilizosokotwa pamoja, mnazitenganisha mojamoja kisha mnaziunganisha tena. Urefu uwe kutoka ncha za vidole hadi kiwiko cha mtu mzima, kama sentimita 45. Mlezi mpya hukata mita nzima ili asisumbuliwe kutunga uzi mara kwa mara, na ifikapo mshono wa nne uzi umejifunga fundo, mtoto anavuta, kitambaa kinakunjamana, na anaamini kwamba yeye ndiye asiyeweza.

Fundo la kuanzia halifungwi. Acha mkia wa sentimita 3 nyuma na uubane kwa mishono mitano ya kwanza. Kila mshono ni msalaba, na mkono wa juu wa misalaba yote ulale upande mmoja. Hilo ndilo bibi atakaloangalia kabla ya rangi. Anzeni na saru, ule mti mrefu mwembamba, kwenye kipande cha sentimita 5 kwa 15. Nyota ya pembe nane, inayoitwa mwezi wa Bethlehemu, isubiri wiki ya pili, kwa sababu tundu moja likikosewa katikati pembe zote hupotoka. Na kila mlezi awe ametunga sindano 10 kabla watoto hawajaketi.

4. Maonyesho ya siku ya mwisho. Hili ndilo kosa linalotuuma, na ni letu sisi tuliotangulia. Ninyi mmelirithi kwetu.

Huanza vizuri. Siku ya kwanza dabke, ngoma ya mstari ya Kipalestina, inachezwa na wote, mstari unazunguka ua, wadogo wanajikwaa, wanacheka. Siku ya tatu, kwenye kikao cha walezi, mmoja anasema: wazazi wanakuja Alhamisi ya mwisho, tuwaonyeshe nini? Siku ya nne wanachaguliwa 16 wenye miguu myepesi. Hakuna aliyekusudia kuwaacha wale 44 wengine. Wanaambiwa wakae kwenye viti vya plastiki wapige makofi "kuwasaidia wenzao". Siku ya sita mazoezi yameshakula saa moja ya tarizi, siku ya saba yamekula michezo, kwa kuwa ukumbi ni mmoja. Siku ya nane thobu (kanzu zilizotariziwa) za kuazima zinafika, ndefu kuliko watoto, na walezi wawili wanashinda wakizibana kwa pini. Siku ya tisa mnarudia ngoma mara 11 kwa sababu mtoto mmoja anakanyaga mguu usio wake, na mlezi aliyekuja kucheza na watoto sasa anawapigia kelele.

Alhamisi inafika. Onyesho linachukua dakika 12. Wazazi wanashangilia kwa dhati, picha zinapendeza. Kisha ukumbi unafagiliwa, na chini ya kiti kimoja kuna kipande cha tarizi chenye saru nusu, sindano bado imechomekwa, na karatasi ya jina imebandikwa pembeni. Mwenyewe ni mmoja wa wapiga makofi. Tukaona vipande vya namna hiyo mfuko mzima. Majira yaliyofuata, daftari la majina lilionyesha ni nani hawakurudi, na tulizijua sura zao: zote za kwenye viti.

Tulijipa sababu. Wafadhili wanataka picha. Wazazi wanapenda. Watoto wanajivunia. Zote zina kweli ndani yake, ndiyo maana kosa hili haliponi. Lakini tulikuwa tunawafundisha watoto kinyume cha dabke yenyewe. Dabke ni ya harusini: mstari uko wazi, yeyote anaingia mkiani, anashika mkono, na miguu yake inajifunza kwa miguu ya jirani. Mbele yuko lawwih, anayeongoza na kuzungusha tasbihi au kitambaa, na ni yeye tu anayeruhusiwa madoido. Wazee husimulia kwamba ngoma ilizaliwa juu ya mapaa ya udongo, majirani wakikanyaga pamoja kuyashindilia, kazi ya ujima waliyoiita auna. Paa halishindiliwi na 16 huku 44 wakipiga makofi.

Basi fanyeni hivi. Dabke dakika 20 kila siku, saa mbili na nusu asubuhi, ua ukiwa bado na kivuli, watoto wote. Hatua za msingi ni sita, mstari ukielekea kulia: kushoto kuvuka mbele, kulia kufuata, kushoto kuvuka, kulia kufuata, kushoto kurusha, kushoto kukanyaga. Siku mbili za kwanza miguu na kuhesabu tu, ya tatu ongezeni tabla, ya tano muziki wa yarghul, zumari ya mirija miwili. Mlezi asisimame akiwatazama watoto, maana kulia kwake ni kushoto kwao na mstari mzima utageuka. Aingie kati, awashike mikono. Wakubwa wa miaka 11 na 12 waulizieni wazazi kama wavulana na wasichana wacheze mistari tofauti. Msiamue wenyewe kwa upande wowote. Zamu ya lawwih izunguke, na aliye mzito wa miguu apewe siku yake pia.

Siku ya mwisho hakuna jukwaa. Wekeni meza, kila mtoto na kazi yake, mzazi aje kwa mtoto wake. Bibi atageuza kitambaa atazame nyuma, ataona mshono uliolala vibaya, ataomba sindano. Mwacheni. Mkiona bibi na mjukuu wameinamiana juu ya kitambaa kimoja, msiwakatize kwa hotuba. Kisha mstari uanze uani, na wazazi waingie mkiani.

5. Hekaya. Neno letu tena. Hikaya ya Kipalestina ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005, na wenyewe ni kina mama wazee, wanaosimulia kwa lahaja ya vijijini jioni za baridi. Mkimleta bibi asubuhi ya Julai mmeshamtoa katika wakati wake, kwa hiyo msimwongezee kipaza sauti na watoto 60. Watoto 15, mkeka, kiti chenye mgongo, chai yenye majani ya maramia. Sisi tuna "paukwa", watoto wajibu "pakawa". Yeye huanza kwa kuwataka wampwekeshe Mungu, au kwa kan ya ma kan, yaani hapo zamani za kale. Akimaliza husema ndege karuka, nanyi masalkheri. Baada ya hapo msiulize "tumejifunza nini?" Ndege ameruka.

6. Tiara. Watoto wa huku huiita tayyara, na ni ileile. Vijiti vitatu vya sentimita 60 vifungwe katikati kama nyota ya ncha sita, uzi uzunguke ncha zote, karatasi igundishwe kwa uji wa unga kikombe 1 na maji vikombe 3. Mkia uwe mara nne ya urefu wa kijiti. Ikizunguka kama pia, ongezeni mkia. Ikigoma kupanda, punguzeni. Tarehe 28 Julai 2011 watoto wa Gaza walirusha tiara 12,350 kwa pamoja ufukweni, rekodi ya dunia. Katika vichochoro vya kambi hakuna ufukwe: watoto watakimbilia mapaa yasiyo na ukingo, karibu na nyaya za umeme. Tafuteni uwanja kwanza, na kamati ya mtaa iwaambie ni upande gani ulio mbali na ukuta wa Israeli na minara ya askari. Uwanja usipopatikana, tiara zitundikwe ukumbini.

7. Baluni za kupasua, hapana. Filimbi ya ghafla, taa kuzimwa, mlango kugongwa kwa nguvu kama mzaha, hapana. Nyumba nyingi hapa zimevamiwa na askari usiku, na mwili wa mtoto hukumbuka kabla yeye mwenyewe hajafikiri. Akiruka kwa mshtuko, shukeni chini mlingane naye, semeni sauti ilikuwa ya nini, kisha mpeni kitu cha kushika.

Katika kuchora msiseme "chora nyumba yenu", kwa sababu kuna ambao yao imebomolewa. Semeni "chora mahali unapopapenda". Akichora kifaru cha jeshi, mpeni karatasi ya pili akiitaka. Picha haitundikwi bila idhini yake, wala sura yake haipigwi picha ikatumwa mahali pamoja na jina na mtaa.

8. Sindano. Nunueni 80 kwa watoto 60. Zikae kwenye kopo moja lenye sumaku, mlezi mmoja awe na dhamana, zihesabiwe kwa sauti mwanzo na mwisho wa kipindi. Zikiwa 79, mlango haufunguliwi. Watoto watafurahi kusaidia kutafuta, mikeka itakung'utwa, na mara nyingi itaonekana imechomekwa kwenye ukosi wa mlezi.