Koyote wa uani kwangu, na mabaki ya chakula niliyokuwa namwaga mwenyewe

Ndugu zangu mlioko huku Marekani, hasa nyie mliohamia nyumba za pembezoni mwa mji, uani kuna majani na watoto wameshawalilia mpaka mkanunua kambwa kadogo, naomba mnisome. Mi nakaa magharibi mwa Chicago, nyuma ya nyumba yetu kuna msitu wa hifadhi wa Cook County, na mwaka jana mwezi wa pili nusura koyote, mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, amuue mbwa wa binti yangu huku naona, kama mita tatu tu toka mlangoni.

Ilikuwa saa tatu usiku, theluji imejaa, nikamfungulia Kashata atoke akojoe, bila kamba, kama nilivyokuwa nafanya kila siku. Kashata ana kilo 5 tu. Ile taa ya ukutani inayojiwasha kitu kikipita ikawaka, nikaona mnyama wa kijivu kasimama pembeni ya jiko la nyama choma, masikio marefu, pua nyembamba, mkia umening'inia chini, nikadhani ni mbwa wa mtu kapotea. Hakukimbia. Aliniangalia mimi, akamwangalia Kashata, alafu akaja mbio. Nilitoka na soksi nimeshika sepetu ya theluji napiga kelele, yeye kashamkamata shingoni, akamtingisha mara moja ndo akamwachia. Akarudi nyuma hatua nne tano akasimama tena ananiangalia, na huko kusimama kwake ndo kulinitisha kuliko yale meno, maana mnyama wa porini akiona mtu anakuja na sepetu anatakiwa apotee.

Daktari wa wanyama aliponyoa manyoya tuliona matundu mawili tu, kama ya msumari, damu kidogo. Nikashukuru. Akaniambia mama usidanganyike na tundu, chini ya ngozi nyama imechanika kwa sababu ya kutingishwa, na kweli alipofungua ilikuwa imeachana kama nguo iliyovutwa. Kwa hiyo mbwa wako akikamatwa, hata ukiona anatembea vizuri, mpeleke usiku huohuo, usisubiri asubuhi.

Sasa kwa wasiomjua, koyote ni jamaa ya bweha wetu wa nyumbani ila mkubwa zaidi, wa huku anafika kilo 11 mpaka 16 hivi. Wako karibu nchi nzima isipokuwa Hawaii. Zamani walikuwa wa nyika za magharibi na katikati, mbwa mwitu wakubwa walipomalizwa na binadamu njia ikafunguka wakasambaa mpaka mijini. Hapa Chicago kuna watafiti wa chuo kikuu cha Ohio State wanawafuatilia tangu mwaka 2000, wameshawakamata na kuwawekea alama zaidi ya 1,000, na walichokiona ni kwamba wengi wanaishi katikati yetu kimyakimya wanakula panya, sungura, matunda, watoto wa swala wa huku, mayai ya mabata bukini. Paka walipatikana kwenye kama asilimia 1 tu ya vinyesi walivyochunguza. Yani huyu mnyama kwa asili anatukwepa. Aprili 2007 mmoja aliingia duka la sandwichi katikati ya jiji akaenda kulala kwenye friji ya soda, watu wamejaa, na hakumgusa mtu.

Basi kwa nini yule wa kwangu alikuwa na ujasiri ule? Hili swali lilininyima usingizi na jibu lake limeniuma. Ni mimi. Mi nimekulia kwetu chakula hakitupwi kwenye mfuko wa nailoni, wali uliobaki unamwaga nyuma ya nyumba kuku wale, mifupa unampa mbwa wa jirani, na hiyo tabia nimekuja nayo. Kila tukipika pilau ya wageni, makoko na mifupa ya kuku namwaga nyuma ya garaji, najiambia ndege watakula. Jirani yangu mama mmoja wa Kikongo, mtu mwema sana, yeye anaacha bakuli la chakula cha paka kwenye ngazi usiku kucha. Jirani wa pili kaning'iniza chombo cha mbegu za ndege, mbegu zinadondoka, panya na kuchakuro wanajaa chini, na koyote anafuata panya. Sisi watatu bila kupanga tulikuwa tumefungua hoteli.

Mliowahi kupita Mikumi kwa basi mnawajua wale nyani wa barabarani. Abiria wanarusha ndizi dirishani, siku ya kwanza nyani anaokota na kukimbia, baada ya muda anasimama katikati ya lami anasubiri, mwisho anampora mtu mkononi. Ni kitu kilekile kabisa.

Na dalili zilikuwepo ila sikuzisoma. Kuna watafiti wa California waliziandika kwa mpangilio nami nilipozisoma niliona ni kalenda ya mtaa wangu. Kwanza wanaanza kuonekana mara nyingi usiku mitaani na uani, alafu paka wanapotea usiku, alafu unawaona asubuhi na jioni kuna mwanga, alafu wanafukuza mbwa na paka mchana kweupe, wakishafika kuchukua mbwa aliyeko karibu na mwenyewe au kufukuza wanaokimbia mazoezi basi mambo yameharibika, na hatua za mwisho ni kuzunguka viwanja vya watoto mchana na kuwatunishia watu wazima. Mi mwezi wa kumi nilimuona mmoja saa moja asubuhi pale watoto wanaposubiri basi la shule, nikafanya nini? Nikatoa simu nikamrekodi nikarusha kwenye grupu la wasapu, watu wakaweka vicheko. Kila mara tunapomwangalia tu na kumpiga picha tunamfundisha kwamba binadamu hana neno.

Kinachotakiwa ni kumfukuza, tena vibaya. Simama ulipo, inua mikono uonekane mkubwa, paza sauti nzito, piga sufuria na mwiko, rusha kitu kidondoke karibu yake, msogelee hatua kadhaa, na usiache mpaka ametoweka kabisa. Hapa ndo wengi tunakosea, akirudi nyuma kidogo tunaridhika tunaingia ndani, kumbe yeye kashajifunza kwamba kelele zinaisha. USIKIMBIE na usimpe mgongo, mbwa mdogo mbebe, mtoto mdogo mbebe. Wanangu nimewafundisha kwa Kiswahili, simama, jikuze, piga kelele, rudi kinyumenyume, na tumefanya mazoezi sebuleni mpaka wa miaka 5 anajua.

Isipokuwa kipindi cha mwezi wa nne mpaka wa sita. Wakati huo wanazaa, na ukipita na mbwa karibu na shimo lenye watoto koyote anaweza kukufuata nyuma taratibu kwa umbali fulani, hakuwindi, anakusindikiza utoke kwake. Hapo usianze vita, mbebe mbwa, ondoka polepole huku unamwangalia, na hiyo njia iache wiki kadhaa. Na mwezi wa kwanza mpaka wa tatu ndo msimu wao wa kupandana, koyote wanamuona mbwa kama mpinzani kwenye eneo lao, Kashata alikamatwa katikati ya msimu huo nami sikuwa na habari.

Kuna kaka yangu mmoja kanisani aliniambia si wapigwe risasi tu yaishe. Namuelewa, nilipokuwa nasafisha damu na mi niliwaza hivyohivyo. Lakini wameuawa huku zaidi ya miaka 100 na ndo kwanza wamesambaa, ukimtoa mmoja eneo likabaki na chakula anakuja mwingine. Aliyekwisha kung'ata mtu huyo ni kesi nyingine, huyo unapigia mamlaka ya wanyama ya eneo lako wamtafute. Sitaki pia kuwatia hofu kupita kiasi, vifo vya watu vinavyojulikana Marekani na Canada ni viwili tu, mtoto wa miaka 3 huko Glendale, California mwaka 1981, na binti wa miaka 19 kwenye hifadhi ya Cape Breton, Nova Scotia mwaka 2009. Ila kung'atwa kupo, Januari 2020 hapahapa Chicago mtoto wa miaka 6 aling'atwa mtaa wa Lincoln Park mchana. Ikitokea, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kama robo saa, alafu hospitali moja kwa moja wakuangalie habari ya sindano za kichaa cha mbwa, usikae nyumbani unasikilizia.

Kwangu sasa mabaki yote yanafungwa mfuko na yanaingia kwenye pipa lenye kifuniko cha kubana, na pipa linatoka asubuhi ya siku ya taka, halilali nje. Jiko la nyama choma nalisugua mafuta siku hiyohiyo. Fensi yetu ilikuwa ya mita moja na kidogo, ile anaruka bila kujikaza, tumepandisha mpaka mita 1.8. Kamba ya Kashata ni fupi ya mita 2, zile za kujivuta zinazorefuka nimeacha, maana mbwa akiwa mita 5 mbele yako kwenye giza ni sawa na hajafungwa. Filimbi inaning'inia mlangoni pamoja na funguo.

Jirani wa mbegu ameshusha kile chombo chake. Mama wa Kikongo bado, anasema paka wake ni mkubwa na hajawahi kukosa kurudi, bakuli nililiona tena jana saa nne usiku likiwa limejaa. Nimeshaongea naye mara mbili, kesho nampelekea maandazi na nitaenda na Kashata mwenyewe, nimfunulie manyoya aone lile kovu.