Toa hilo neno "latest" kabla hujalala

We mkuu ngoja kwanza, usiwashe upya hiyo seva! Umesema mfumo wa mauzo wa duka la shemeji yako uko kwenye kontena (kifurushi cha programu kinachojitegemea) la PostgreSQL 16, ile programu ya databesi inayotunza data, eti umeona imezeeka ndo unataka pale kwenye namba ya toleo uandike latest, yani toleo jipya kuliko yote, iwe inajivuta yenyewe. 16 imezeeka wapi, inahudumiwa mpaka Novemba 2028! Nilifanya huo huo ujinga 2021, hadi leo nikienda kwa baba mdogo chai napewa kwenye kikombe kisicho na mkono.

Ana duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, mauzo, madeni ya mafundi, kila kitu kilikuwa humo. Databesi ilianza na 13 ila mi nilikuwa nimeandika latest, maana kuna jamaa kwenye grupu la WhatsApp anajiita sinia, yani mkongwe wa kazi, alitukaririsha kwamba programu isiyobadilika kila siku imekufa. Mwisho wa Septemba ikatoka 14. Nikavuta, nikawasha, kontena likawa linawaka linazima, linawaka linazima. Logi ilisema wazi kabisa folda ya data imetengenezwa na toleo 13 na haiendani na 14, yani ugonjwa na dawa vyote nimeandikiwa, mi nimepaniki, wateja wa simenti wamejaa kaunta, nampigia sinia ananijibu kwa kujiamini kabisa "futa volyumu, itajitengeneza upya", na volyumu ndo pale data zinapokaa. Na kweli ilijitengeneza upya. Tupu. Nyeupe kama kanzu ya Idi.

Dawa ilikuwa kufuta latest na kuandika 13. Tarakimu mbili tu aisee! Lingewaka palepale na data zote zipo. Bekapu ya mwisho ilikuwa ya Juni, kwahiyo ikabidi tuwapigie mafundi mmoja mmoja, samahani fundi eti unadaiwa shingapi, na we mafundi unawajua, ghafla Morogoro nzima haidaiwi. Sinia aliandika "pole" na viemoji vya mikono akaleft grupu.

Hakuna aliyeniambia kwamba hawa PostgreSQL wanatoa toleo kubwa kila mwaka na kila moja wanalihudumia miaka 5. Katikati hapo wanatoa viraka vidogo, 16.1, 16.2, walau kila miezi 3, vinaziba matundu ya usalama bila kugusa muundo wa data, hivyo vuta hata saa nane usiku shauri yako, ukiandika 16 peke yake utavipata. Ila kutoka 16 kwenda 17 ni kuhama nyumba, unadampu data yote (unaitoa kwenye faili, unaipakia upya) au unatumia zana yao ya kuhama, pg_upgrade, siku duka limefungwa, bekapu umeishika na umeshaijaribu. Wao wanachapa kazi kila siku, wewe umetulia na toleo lako, hakuna aliyekufa hapo. SQLite 3, databesi nyingine, faili lake la 2004 linafunguka mpaka leo mbona hamjaiita maiti?

Kama ulishabadilisha na kontena linawaka linazima USIFUTE KITU, ndani ya folda ya data kuna kifaili kinaitwa PG_VERSION, kifungue, namba utakayoikuta humo ndo uiandike badala ya latest.