Vitenzi vya Kireno kwa sisi tunaojua Kiswahili

Ukitoka Mtwara ukaingia miji ya Msumbiji kama Pemba (si kile kisiwa chetu) au Mocímboa da Praia, sokoni unaweza kukaa muda mrefu bila Kireno. Kimwani, lugha ya pwani ya huko, kinakaribiana sana na Kiswahili, na Wamakonde wapo pande zote mbili za Ruvuma. Lakini benki, forodhani na shuleni kwa mtoto, lugha ni Kireno. Hapo ndipo wengi wetu hununua daftari, tukanakili majedwali ya vitenzi, na baada ya muda tukakata tamaa. Mimi nimejifunzia hukohuko Msumbiji, kwenye biashara ya vitenge, na nawasihi mnaoanza: jedwali lisubiri. Anzeni na mnachokijua tayari.

Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi ndani yake. Ukisema "ninauza", huhitaji kutaja "mimi". Kireno nacho ni hivyo hivyo, ila nafsi hukaa mwishoni. Chukua vender, kuuza: vendo, ninauza, vendes, unauza, vende, anauza, vendemos, tunauza, vendem, wanauza. Ukitanguliza eu, yaani mimi, kila mara utaeleweka, ila utasikika kama mtu anayesema "mimi ninauza, mimi ninanunua, mimi ninarudi".

Vitenzi vya kawaida, yaani vinavyofuata kanuni, viko makundi matatu, kwa jinsi vinavyoishia: -ar, -er na -ir. Usiogope hayo matatu, kwa sababu alama za nafsi hazibadiliki. O ni mimi, s ni wewe, mos ni sisi, m ni wao, na yeye hana alama. Kinachobadilika ni irabu iliyo kabla yake. Falar, kusema, hutoa falo, falas, fala, falamos, falam. Abrir, kufungua, hutoa abro, abres, abre, abrimos, abrem. Linganisha na vender uone: kundi la -ir linafuata la -er, isipokuwa kwenye sisi. Vitabu vitakuonyesha pia umbo la vós, yaani ninyi. Lipite tu; katika mazungumzo ya kila siku watu wengi husema vocês kwa ninyi, na kitenzi chake ni kilekile cha wao: vocês vendem.

Adabu nayo imo humo humo kwenye kitenzi, na hili nalisisitiza kwa sababu linaharibu biashara za watu. Vendes ni la rafiki au mtoto. Mtu mzima usiyemzoea unamsemesha kwa umbo la yeye: o senhor vende? (bwana anauza?) Mama muuza nyanya unamuuliza, a mamã vende tomate? Sisi tuliolelewa na shikamoo tunaelewa upesi kwa nini jambo hili lina uzito. Kama huna hakika, tumia umbo la yeye. Hakuna atakayechukia kuheshimiwa.

Kuna sehemu ambayo Kireno ni rahisi kuliko Kiswahili chetu. Sisi tukikanusha, kitenzi kinageuka chote: ninauza, siuzi, anauza, hauzi, wanauza, hawauzi. Kireno kinaweka não mbele basi: vendo, não vendo, vendem, não vendem. Na swali ni kupandisha sauti tu, kama tunavyofanya sisi.

Mkazo pia uko upande wetu. Katika maumbo haya matano, kwa makundi yote matatu, mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, palepale panapokaa mkazo wa Kiswahili: FA-lo, fa-LA-mos, VEN-dem. Kitenzi kikiwa hakijapewa nafsi ndipo mkazo unakwenda mwisho, fa-LAR. Kazi iliyobaki ni sauti. O ya mwisho husikika karibu na u, na m ya falam haifungi midomo, hupitia puani. Sikiliza redio ya Msumbiji, ufuatilie mwisho wa vitenzi peke yake. Maneno mengine yatakuja.

Wakati huu uliopo unabeba mambo mengi. Vendo peixe ni kazi yangu, yaani mimi huuza samaki. Pago amanhã ni nitalipa kesho, na ahadi za namna hiyo utazisikia sana. Ukitaka kusema unauza sasa hivi, mteja akiwa mbele yako, Msumbiji husema estou a vender.

Mazoezi yangu yalikuwa vitenzi vya kazi yangu: comprar (kununua), pagar (kulipa), esperar (kusubiri), chegar (kufika), morar (kuishi mahali), trabalhar (kufanya kazi). Vyote vinaishia -ar, ambalo ndilo kundi kubwa kuliko yote, na vitenzi vipya huingia humo. Tunga sentensi za kweli kuhusu maisha yako na uzibadilishe nafsi kwa sauti: Moro em Pemba. Compro capulanas (vitenge). O meu irmão (kaka yangu) vende peixe. Pagamos amanhã.

Tahadhari iweke kwenye -ir. Humo kuna vitenzi vinavyoonekana vya kawaida lakini sivyo, hasa kwenye umbo la mimi: pedir, kuomba, ni peço, dormir, kulala, ni durmo, ouvir, kusikia, ni ouço. Hivyo jifunze kimoja kimoja kadiri unavyovisikia, na ukurasa wake daftarini uwe mbali na ule wa abrir.